Mizinga ya Binti Alute

Siku mizinga ya mradi ilipofika Sepuka, Mzee Alute alivaa koti lake la kanisani akaenda kuipokea barabarani kama mtu anayepokea ng'ombe wa mahari. Hakuna aliyemwita. Mapokezi yalikuwa kazi ya Melkizedeki, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, lakini Alute alisimama mbele ya lori na kila aliyepita alimwambia neno lile lile: "Hii ni kazi ya mwanangu. Editha ndiye aliyeibuni." Waliomsikia mara ya kwanza walimpongeza. Waliomsikia mara ya tatu walipitia nyuma ya lori.

Editha mwenyewe alikuwa ameketi mbele, kando ya dereva, anaona aibu na anafurahi kwa pamoja. Alikuwa mbunifu katika karakana ya Gaspari, Singida mjini. Karakana ile ilianza na vitanda na madawati, ikapata oda ya mizinga ya kisasa kutoka kwenye mradi mmoja wa ufugaji nyuki, na tangu siku hiyo Gaspari hakutaka tena kuitwa fundi. Alitaka kuitwa mkurugenzi. Editha alimwita mkurugenzi bila kusita, maana mshahara ulikuwa unalipwa.

Na tuitendee haki mizinga ile: ilikuwa mizuri. Wazee wa Sepuka tangu zamani walichonga magogo kwa tezo, kila mtu kwa mkono wake, na hakuna kifuniko cha gogo moja kilichowahi kukaa kwenye gogo jingine. Ukivunja kifuniko, unachonga upya. Editha, aliyekulia kati ya magogo hayo, aliamua kwamba mizinga yake itakuwa ya aina nyingine. Ilikuwa masanduku ya mbao, na fremu yoyote ingeingia kwenye sanduku lolote, na kifuniko chochote kingefunika mzinga wowote. Aliipanga kazi yenyewe kwa namna hiyo hiyo. Mmoja anakata tu, mwingine anaranda tu, wa tatu anaunga, na kila mmoja anapimia kigezo cha chuma alichokitengeneza Editha mwenyewe, ili pasiwepo mahali pa kukisia. Mafundi walinung'unika wiki ya kwanza kwamba wamegeuzwa punda wa kinu. Wiki ya tatu walinyamaza, kwa sababu walikuwa wanamaliza kazi jua likiwa bado juu.

Likabaki jambo la rangi, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Kule Sepuka mzinga usio na chapa si mzinga, ni ubao. Mwenye mzinga huchukua chuma chake, hukitia motoni hadi kiwe chekundu, na hukichoma kwenye uso wa gogo kabla hajalitundika mtini. Chapa ya Alute ilikuwa mistari miwili iliyosimama na mmoja uliolala chini yake. Aliirithi kwa baba yake, naye kwa baba yake. Porini hakuna mlinzi wala kufuli. Chapa ndiyo inayolinda. Mtu anaweza kupita chini ya mzinga uliojaa asali, ana njaa, ana moto mkononi, akatazama juu, akaona mistari miwili na mmoja, akaenda zake. Na asiyekwenda zake, akapanda, hatamkwi tena kama mtu wa kurina asali. Afadhali aibe mbuzi, maana mbuzi analipwa yakaisha.

Editha aliyajua hayo tangu hajaota meno. Kwa hiyo mchoro wake wa kwanza uliacha kiraka kisichopakwa rangi, mbele, juu ya mlango wa nyuki, ukubwa wa kiganja. Ili kiraka kibaki, rangi ilibidi ipakwe kwa brashi. Ilikuwa kazi ya polepole. Mizinga ikaanza kurundikana uani ikisubiri mpakaji.

"Injinia," Gaspari alimwambia, wamesimama kati ya marundo hayo, "hii foleni ni ya nini?"

"Ni rangi, mkurugenzi. Brashi inachelewa."

"Na njia nyingine hamna?"

Njia nyingine ilikuwepo, na Editha ndiye aliyeijua. Unajaza rangi kwenye pipa lililopasuliwa, unatumbukiza sanduku zima, unalitoa, unalitundika likauke. Kila kona inapata rangi, hata pale brashi isipofika, na maji ya mvua hayaingii. Ni njia nzuri kwa kila hali isipokuwa moja: pipa halijui kuacha kiraka.

Angeweza kutafuta namna ya kukifunika kile kiraka kabla ya kutumbukiza. Alilifikiria kwa muda wa kunywa chai. Halafu akajiambia kwamba mambo ya chapa ni ya magogo, ya zama za kila mtu na mti wake porini. Mizinga hii itakaa mahali pamoja, kwenye manzuki ya kikundi, juu ya nguzo, kwa safu, kila mwanachama na safu yake. Nani atasahau safu yake? Gaspari hakumlazimisha, hilo tuliseme wazi. Alipoliona pipa linafanya kazi alimpigia makofi mbele ya mafundi wote, na Editha alifurahi. Kufurahi kule baadaye kulimkaa kooni.

Sasa pale barabarani, mizinga inashushwa, yote ya rangi ya maziwa, yote ina nembo ya mradi, Melkizedeki akauzunguka mmoja polepole. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, wa kuuliza swali moja tu kwenye mkutano na kukaa.

"Binti Alute," alisema, "kazi ni nzuri. Chapa tunapiga wapi?"

"Msipige, baba Joseph. Rangi hii ya mafuta ukiichoma inatoa harufu mbaya, nyuki hawaingii. Kila mtu atakuwa na safu yake."

Watu wakatazamana. Mmoja akasema kwa Kinyaturu jambo lililowachekesha wenzake. Melkizedeki hakucheka, alifungua mdomo aulize tena, na hapo Alute akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mmesikia mtaalamu amesema nini? Au mnataka kumfundisha?"

Basi yakaisha. Nani angebishana na baba mwenye furaha? Wachache waliandika majina yao kwa mkaa, na mvua za kwanza zikayafuta. Kikundi kikaizoea ile mizinga myeupe iliyofanana kama mayai ya kuku mmoja, nyuki wakaingia kwenye mingi na mingine wakaikataa, na mwaka ukaenda.

Nyasi zilipokauka, moto ukatoka upande wa mashamba. Ulikuwa moto wa mtu aliyekuwa anasafisha shamba lake akaondoka kwenda kula. Upepo ukauchukua kuelekea manzuki. Watu wa kikundi wakakimbia huko jioni ile, wakaziba milango ya mizinga kwa nyasi mbichi, wakaibeba wawili wawili hadi ng'ambo ya korongo. Alute, na umri wake, alibeba kuliko vijana. Nguzo chache ziliungua, mzinga haukuungua hata mmoja. Kesho yake wakairudisha. Kila aliyeshika mzinga aliuweka mahali alipodhani pake, wakapongezana, wakachinja jogoo.

Alute ndiye aliyerina kwanza. Alikuwa hivyo siku zote, hawezi kuvumilia. Alikwenda kwenye safu yake, akaikuta mizinga imejaa hadi pembeni, akamshukuru Mungu kwanza, kisha Editha, akarudi na ndoo zimefunikwa kwa kanga ya mke wake. Baada ya siku chache Melkizedeki akaenda kurina ya kwake. Akakuta masanduku matupu, mengine yana buibui.

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye safu ya Alute, akapenyeza mkono chini ya kila mzinga, akapapasa. Chini ya sakafu ya kila mmoja palikuwa na kichwa cha msumari, kwenye kona. Misumari hiyo aliigongomelea Melkizedeki mwenyewe siku ile ile mizinga ilipogawiwa, bila kumwambia mtu, kwa sababu mtaalamu alikuwa amekataza chapa na yeye hakuwa mtu wa kubishana na wataalamu. Akawaita wazee watatu, wakapapasa nao.

Yaliyofuata hayahitaji akili nyingi. Alute ameshika mizinga ya Melkizedeki iliyojaa na kuiweka kwake, na yake mitupu ameipeleka kwa Melkizedeki. Ameirudisha yeye mwenyewe, watu wamemwona. Amerina haraka kabla ya wenzake. Hata mtu aliyempenda Alute, ukimpangia hivyo, angekuna kichwa.

Editha alipata habari kwa simu ya mama yake, Theresia, akapanda gari la asubuhi. Alimkuta baba yake ameketi kwenye kigoda uani, hajavaa koti, ndoo za asali ziko mbele yake na hakuna aliyezigusa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kazi haziendi huko?"

"Zinaenda. Baba, mkutano ni leo?"

"Ni leo. Shuleni."

"Nitasimama niseme. Hukuiba. Wewe na yeye hakuna aliyejua upi wa nani, kwa sababu mimi niliwaondolea chapa. Ni kosa la mzinga. Ni kosa langu."

Alute alitazama ndoo zake. Theresia alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akawa anasubiri mume wake aseme lile ambalo tayari walikwishalizungumza wawili.

"Yule kijana wa mradi yupo," Alute alisema. "Nathan. Amekuja na gari. Wanataka kuleta mizinga mingine, kwa vijiji vyote hadi Shelui. Bosi wako hajakwambia?"

Gaspari alikuwa amemwambia. Alimwambia asubuhi ile ile, kwa simu, wakati Editha yuko stendi: aende akamjulie hali mzazi, lakini awe mwangalifu na mdomo, maana mteja hanunui kitu ambacho aliyekitengeneza anakitukana.

"Oda si kitu, baba."

"Si kitu kwako. Humo ndani leo watakuwa wamekaa watu ambao wanasubiri hiyo mizinga, wewe uende uwaambie ni mibaya. Utawaudhi wote, na mimi watanishika vile vile, watasema mtoto anamtetea baba yake. Halafu mjini watasema injinia gani huyu, mzinga wake umeleta ugomvi. Nimezunguka kijiji kizima nikisema ni kazi yako, Editha. Nilisimama pale barabarani nikamnyamazisha Melkizedeki. Unataka nisimame tena niseme nilikuwa najisifia upuuzi?"

"Kwa hiyo uitwe mwizi."

"Mimi nimeshazeeka. Wanaonijua wananijua."

Hilo halikuwa kweli, na wote watatu pale uani walijua si kweli. Wanaokujua ndio hao hao watakaokaa kwenye madawati mchana wakikuhukumu. Editha alitaka kulisema, akamwona mama yake anatikisa kichwa kidogo, akalimeza.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa vidari. Nathan wa mradi alipewa kiti cha mwalimu. Alikuwa kijana mpole, mwenye kofia ya mradi, anayeitikia kwa kichwa kila jambo hata lile ambalo hakulielewa. Melkizedeki, kwa kuwa ndiye mlalamikaji, alimwachia uenyekiti Mzee Abraham, mzee aliyekuwa na mizinga mingi kuliko wote enzi za magogo.

Melkizedeki alieleza kwa utulivu, hakuongeza chumvi. Hilo ndilo lililomuumiza Editha zaidi. Angesema uongo, ungepatikana mlango wa kuingilia. Misumari ilitajwa, wazee watatu wakathibitisha.

Mwanamke mmoja, Scholastika, mwanachama mwenye sauti, akainua mkono. "Mimi nauliza tu. Siku ya moto, nani kati yetu aliyejua kwa hakika anabeba wa nani? Mimi niliweka tu. Hadi leo sijui kama ninayorina ni yangu."

Editha aliona watu wakiinamia madawati yao, na akaelewa kwamba wote walikuwa wanajua. Kila mmoja mle ndani aliweka tu. Kila mmoja alikuwa na asali nyumbani ambayo hawezi kuiapia.

Mzee Abraham akamtazama Nathan, akatazama dirishani kwenye gari la Nathan, akakohoa.

"Mama, tusichanganye mambo. Mizinga haina tatizo. Tumeiomba wenyewe, na tumeomba mingine. Tatizo la leo ni la mtu mmoja. Au kuna mwenye tatizo na mizinga?"

Hakuna aliyekuwa nalo. Scholastika alishusha mkono. Mwizi mmoja alikuwa nafuu kwa kijiji kuliko mzinga mbovu. Mwizi unamtoa, mnabaki. Mzinga mbovu ungeondoka na gari, na kofia, na zile safari za semina zenye posho na soda.

"Na tunaye hapa mtaalamu mwenyewe," Mzee Abraham aliendelea. "Binti yetu. Mwanangu, mizinga yako ina tatizo?"

Editha alisimama. Dawati lilimng'ang'ania, akajikwamua. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga njia nzima kutoka mjini: pipa, brashi, kiraka ukubwa wa kiganja. Alimwona Nathan ameinua kalamu. Alimwona Scholastika anamtazama kwa matumaini. Na akamwona baba yake, dawati la mbele, hakugeuka hata kidogo, amekaa kama mtoto anayesubiri fimbo na hataki mwenzake achapwe badala yake.

"Mizinga iko sawa," Editha alisema.

Akaketi. Ilikuwa rahisi, na hilo ndilo hatalisahau. Alitegemea neno lile litang'ang'ania kinywani, likateleza.

Alute aliulizwa kama ana la kusema. Akasema amerina kisicho chake, anaomba radhi kwa Melkizedeki na kwa kikundi. Hakusema kwamba hakujua. Akatozwa mbuzi, akaondolewa kwenye kikundi, na Mzee Abraham akatamka, kwa Kinyaturu ili iwe nzito, kwamba huyu si mrina asali tena, si manzukini wala porini. Magogo yake ya zamani kule juu, yenye chapa, yateremshwe. Nathan aliitikia kwa kichwa.

Nje, watu walimpita Alute bila kumsalimia. Waliopita nyuma ya lori mwaka ule kwa kuchoka sifa zake sasa walipita mbele yake kabisa, na hawakumwona. Editha alitembea naye hadi nyumbani. Njiani alisema, "Baba, nisamehe," na baba yake akasema, "Umesema vizuri," na hapo Editha akatamani mzee angempiga kofi. Chuki ilimjaa. Aliwachukia wale wa madawatini, akamchukia Gaspari na kijana mwenye kofia. Alimchukia hata baba yake kwa wema ule wa kumfunga mtu mikono. Lakini kila alipoigeuza chuki ile ilirudi kuketi kwake mwenyewe.

Mradi haukuwa wa wajinga wote. Nathan alikuwa amemsikia Scholastika, na mwezi mmoja baadaye ikaja oda mpya mezani kwa Gaspari, kubwa kuliko ile ya kwanza, na sharti moja: kila mzinga uwe na chapa ya mwenyewe, ichomwe karakanani kabla ya rangi. Gaspari akamwita Editha kwa shangwe. Inawezekana? Inawezekana, Editha alisema. Pipa liwekwe kando, warudi kwenye brashi, kiraka kibaki wazi. Alichora kwa dakika chache tu, maana mchoro ulikuwepo tangu zamani. Gaspari akausifu kwamba ni ubunifu wa hali ya juu, akautuma kwa mradi, na mradi ukaandika barua ya pongezi. Editha hakuisoma.

Vyuma vya chapa alivitengeneza yeye mwenyewe. Alikata nondo nyembamba, akazibana kwenye jiliwa akazikunja, akaziunganisha kwa moto. Kila kikundi kilileta mtu wa kueleza chapa za wanachama wake. Wa Sepuka alikuja Melkizedeki, peke yake, amevaa vizuri.

"Hujambo binti yangu."

"Shikamoo baba Joseph."

"Marahaba. Mama hajambo?" Hakumuulizia baba.

Alichukua kipande cha chaki akawa anachora chapa sakafuni moja moja, akitaja mwenyewe: ya Scholastika, ya Mzee Abraham, yake mwenyewe. Editha alikuwa anazinakili na kuanza kukunja zile rahisi. Mwisho Melkizedeki akachora mistari miwili iliyosimama, akalaza mmoja chini yake.

Editha alisimama na nondo mkononi.

"Hiyo ni ya mwanangu Joseph," Melkizedeki alisema. Hakuwa na ubaya wowote usoni. "Ameingia kikundini kushika ile nafasi. Hakuwa na chapa yake. Wazee wamesema hii kwa sasa haina mwenyewe, na ni chapa inayojulikana porini. Watu wanaiogopa. Itamlindia mizinga."

"Mmemuuliza baba?"

"Tumuulize nini, mwanangu? Si alishakubali mwenyewe, mbele yako?"

Gaspari alikuwa anapita na simu sikioni. Aliona mteja amesimama na injinia wake amesimama, akanyoosha kidole gumba kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Editha aliitikia kwa kichwa. Akakata nondo mbili sawa, akakata ya tatu, akaziunga, akazitia motoni. Chuma kilipokuwa chekundu alikichomoa akakikandamiza kwenye kipande cha mbao kama alivyofanya kwa zile nyingine zote, kwa sababu kila chapa lazima ijaribiwe mbele ya mteja. Moshi ulipanda. Alipokiondoa, mistari ilikuwa imezama barabara, kina kimoja kila mahali.

Melkizedeki aliinama akapapasa kwa kidole, taratibu, kama alivyopapasa chini ya mizinga siku ile.

"Ya mzee ilikuwa inapinda kidogo upande huu," alisema. "Hii imenyooka."

Editha akamwambia asante, akakitundika chuma pamoja na vingine.